Mshono Unaolalia Kushoto

Stendi Kuu, 9 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Habari za siku nyingi? Wifi hajambo? Wanangu wawili wanaendelea na shule, au yule mkubwa bado anaumwa tumbo kila siku ya hesabu? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako mgongo unamsumbua lakini neno uzee hataki kulisikia, anasema kilichozeeka ni godoro.

Usishangae kuona barua. Simu nimeiweka kando. Tangu siku ile sikio la kushoto limekufa, na la kulia linavuma mchana kutwa; mtu akinipigia nasikia kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Ujumbe mfupi nao haunitoshi, niliyonayo hayaenei kwenye kiganja. Dereva wa basi la asubuhi linalokuja kwenu nimezoeana naye, atatubebea.

Basi mimi niko hai, kama ulivyosikia. Wale wauaji walipoanza kupiga risasi hapa stendi nilikuwa nimeinama nyuma ya rafu za mizigo nikitafuta begi la mtu, na mlango wangu ni wa chuma. Binti wa Tiketi, yule wa dirisha la jirani aliyekuwa akiniita Mama Kufuli, hakuwa na mlango wa chuma. Kwa sasa usiniulize zaidi ya hapo.

Ninachotaka kukueleza ni kinyaa, maana hakuna mwingine wa kumweleza. Watu walikuwa bado wamelala sakafuni, wengine wakapanda juu ya mabenchi wapate picha nzuri. Kuna kijana alimwambia majeruhi ageuze uso kidogo, kuna mwanga. Wiki haikuisha, fulana zenye sura za marehemu zikawa zinauzwa mlangoni. Muuzaji akaniuliza kama ningependa ya Binti wa Tiketi, akasema hiyo ndiyo inayotoka sana. Nilimtukana tusi ambalo baba angenichapa kwa kulijua.

Halafu akaja mheshimiwa. Kazi yangu unaijua: mtu ananiachia mzigo, nampa kibati chenye namba, akirudi na kibati namrudishia mzigo wake. Sasa nina mabegi ambayo vibati vyake vilikwenda na wenyewe. Siwezi kuyatoa, siwezi kuyatupa, nayafuta vumbi tu. Mheshimiwa akataka apigwe picha ameshika begi mojawapo, "la mtoto, kama lipo." Nikamwomba kibati. Msaidizi wake akanieleza polepole, kama anayemfundisha punda kusoma, kwamba huyu ni mheshimiwa. Nikasema, kibati. Wakatoka wamenuna, wakaazima begi la abiria aliyekuwa anasubiri basi lake, mheshimiwa akapigwa picha nalo ameinamisha kichwa. Picha ilitoka gazetini. Ndani ya begi lile kulikuwa na mahindi ya mbegu, mwenyewe aliniambia.

Na sasa ni sheria, sheria, sheria. Mmoja anataka silaha zote zikusanywe, mwingine anataka kila kondakta apewe bastola. Wanagombana juu ya maiti kama watu wanaogombea kiti.

Nina swali moja, nalo nijibu bila kuzunguka. Ile bunduki ya baba, uliyosema uliipeleka kituo cha polisi baada ya mazishi yake, ulimkabidhi nani?

Dada yako


24 Machi

Kwako Dada mpendwa,

Pole tena na tena. Wifi yako alilia barua ilipofika, na mimi mwenyewe nilikwenda kukaa chooni watoto wasinione. Yule mkubwa bado anaumwa tumbo, na sasa amemwambukiza mdogo wake. Tumeambiwa na mwalimu ni ugonjwa wa Jumatatu na Alhamisi tu.

Kuhusu fulana, binadamu ndivyo walivyo. Usizibebe rohoni. Na kwa mheshimiwa nimecheka peke yangu hapa karakana mpaka mafundi wakanitazama. Dada Kufuli hujabadilika!

Huku kazi imefurika, sikufichi. Tangu tukio lile kila mwenye bunduki ya babu ameikumbuka. Wanaleta zenye kutu, zenye mchwa, wanataka zifanye kazi kesho. Nimeongeza mafundi. Halafu chama chetu cha wamiliki halali wa silaha kimenichagua niwe katibu na msemaji, eti kwa kuwa naongea. Nikawaambia dada yangu aliniita Kasuku tangu sina meno. Nitakuwa nahojiwa redioni, maana huu muswada ukipita kama ulivyo tutakuwa tumekwisha. Wanataka silaha ya marehemu irudishwe ndani ya mwezi na warithi waeleze ilipo. Wanataka waingie mpaka karakana. Wanaadhibu watu safi kwa dhambi za wahuni.

Nimekutumia kifaa cha kusikia, kile kidogo cha kuvaa ndani ya sikio, daktari amesema kitasaidia la kulia. Usiniambie ni ghali. Wewe ndiye ulinibeba mgongoni mpaka shule mvua zile zote.

Salamu kwa shemeji. Mwambie godoro nitamletea.

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi tuko salama. Shemeji yako anangoja hilo godoro kama mtoto, ameshaanza kulisema vibaya la zamani mbele yake.

Kifaa kilifika. Nilikivaa jioni, shemeji akakichokonoa kwa bisibisi ya miwani, na kweli, mvumo ukapungua. Redio ilikuwa imewashwa. Unajua sauti ya kwanza niliyoisikia vizuri tangu mwezi wa pili ni ya nani? Yako. Ulikuwa unasema: "Hakuna silaha hata moja pale stendi iliyotoka mikononi mwetu. Mwenye silaha halali ni kama mkulima na jembe lake." Mtangazaji akacheka, na wewe ukacheka. Nikakivua.

Swali langu hukulijibu. Uliandika kurasa, ukaniambia ugonjwa wa Jumatatu, swali ukaliruka kama dimbwi. Basi nikueleze kwa nini niliuliza.

Siku chache baada ya tukio polisi walileta silaha za wale wauaji walizokamata wakazipanga kwenye meza ndefu ukumbini hapa stendi, waandishi wapige picha. Watu walisukumana kuziona. Wengine walinyoosha mikono wazipapase, mama mmoja akamnyanyua mtoto wake aone vizuri. Mimi nilikuwa napita na ndoo. Mbili zilikuwa za kisasa. Ya tatu ilikuwa bunduki ya zamani ya kuwindia, namba yake imefutwa kwa tupa, na shingo ya kitako imezungushiwa ngozi.

Utasema ngozi ni ngozi. Sikiliza. Bunduki ya baba ilianguka kutoka kwenye lori la idara ya wanyamapori wewe bado unanyonya kidole. Kitako kikapasuka. Baba akaloweka ngozi mbichi, akaizungusha, akanipa mimi msharasi wa kutobolea ngozi na uzi wa katani nishone, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinene. Nilishona kwa mkono wangu huu wa kushoto ambao walimu walinichapia. Mshono wa watu wote unalalia kulia, wangu unalalia kushoto. Na karibu na mwisho nilirudia tundu moja mara mbili, nikataka kufumua, baba akasema acha, ikikauka itakaza tu.

Nilisimama pale na ndoo yangu nikauona mshono wangu. Unalalia kushoto. Tundu limerudiwa.

Namba uliifuta, ngozi ukaiacha. Najua kwa nini. Ukiitoa ngozi ile kitako kinaachana, hakuna atakayenunua. Au pengine ulidhani aliyeshona ni baba, na baba hawezi kusema.

Ulimpa nani, Kasuku?

Dada yako


2 Mei

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mikutano. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu ingawa hajui unaniandikia nini, na nakuomba asijue.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Dada, umepitia makubwa. Mtu aliyelala chini ya risasi anaona mambo. Mshono! Wewe ulikuwa msichana mdogo, miaka mingapi imepita? Wenye mkono wa kushoto wamejaa duniani. Mahakama ikikusikia itacheka.

Na hata tukisema ni ile, tuseme tu, mtu akiuza jembe likaja kuua, wa kufungwa ni muuza jembe? Yule alikuwa mtu wa heshima, ana ng'ombe, ana watoto, alitaka kitu cha kufukuza fisi. Mimi nitajuaje ameifikisha kwa nani? Nisingeipeleka kituoni ikaozee stoo mpaka askari mmoja aiuze yeye. Wote wanafanya hivyo. Chama kizima kingefungwa.

Unajua watu wanaonitegemea hapa ni wangapi? Unataka wanao, maana unawaita wanao, waitwe watoto wa muuaji shuleni? Baba angekuambia nini? Damu nzito kuliko maji, Dada. Choma barua zangu, na mimi zako nimeshazichoma.

Godoro litakuja na gari la Ijumaa.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwa wifi na watoto. Godoro limefika. Limesimama ukutani na plastiki yake, shemeji yako amekataa kulilalia. Sikumwambia kitu, lakini mtu mliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo ana masikio yake mengine.

Mimi nilikuuliza swali. Mwenye ng'ombe na fisi wake umemleta wewe mwenyewe. Njia ya mwongo fupi, na yako haikumaliza hata ukurasa.

Barua zako sikuzichoma. Kwa huo ushenzi wa kuchoma, utaniwia radhi.

Usinitajie baba. Baba alikuwa akisafisha bunduki za idara akihesabu risasi kwa sauti ili hata sisi watoto tusikie zimetimia. Na usinitajie damu. Damu niliiona. Niliisugua kwa brashi ya choo chini ya dirisha la tiketi kwa sababu msafishaji alikimbia, na yule binti nywele zake alikuwa amezisuka jana yake, akanifungulia kitambaa nimwambie kama amependeza. Nilimwambia kichwa chako kikubwa hakuna msuko utakaokifaa. Alicheka. Hayo ndiyo niliyokuwa sitaki kukuandikia.

Sasa sikia. Tume inayochukua maoni juu ya muswada itakaa hapa mjini tarehe ishirini na nane, ukumbi wa halmashauri. Wameita walionusurika, jina langu limo. Sitaki kusema mimi. Nataka uje useme wewe: ilikuwa ya baba, sikuirudisha, nilimuuzia fulani. Polisi wamfuate huyo fulani kabla hajauza nyingine. Akimtaja aliyemuuzia yeye, na huyo akamtaja wa kwake, watafika kwa waliowatuma wauaji. Bila wewe hawafiki popote, wanabaki kugombana magazetini.

Mpaka siku hiyo mimi nitakuwa nimenyamaza. Nakuomba, mdogo wangu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Dada yako


20 Mei

Dada yangu wa pekee,

Nimekuelewa. Umeniliza. Uliyosema yote ni kweli na nimeamua kulishughulikia, ila niachie njia yangu, najua watu wa tume, wengine ni marafiki. Wewe siku hiyo usijichoshe. Kaa nyumbani. Shemeji akupeleke kwa daktari akupe dawa ya usingizi, maana naona kwenye mwandiko wako mkono unatetemeka.

Watoto wanakusalimu. Mdogo amechora basi, amesema ni lako.

Nakupenda. Niamini.

Mdogo wako


3 Juni

Kasuku,

Salamu ni ya Mungu, na hata leo sitakunyima. Mchoro wa basi nimeubandika juu ya kaunta. Magurudumu ni matano, nadhani la akiba nalo limeshuka kufanya kazi.

Nilikuamini. Tarehe ishirini na nane nilivaa gauni la kitenge cha buluu, nikavaa na kifaa chako sikioni ili nikusikie vizuri ukiongea. Nilikaa benchi la mbele nikageuka kila mlango ulipofunguka. Walisema watu wa chama chenu, walisema wanaharakati, alisema yule mheshimiwa wa begi la mahindi, akalia kwa kitambaa kikavu. Chai ikaletwa, watu waliokuwa wakiitana wauaji dakika hiyohiyo wakapishana kwenye sukari. Wewe hukuja.

Wakaniita. Nilipokuwa napanda jukwaani, katibu wa tume akamwinamia mwenyekiti akanong'ona. Kifaa chako ni kizuri mno. Nilisikia: "Ndiye yule ambaye mdogo wake ametuandikia. Akili imeyumba tangu tukio. Mwacheni atoe ya moyoni, tusimkatize."

Halafu nikasema yote. Bunduki, ngozi, mkono wa kushoto, jina la baba. Karani alikuwa ameweka kalamu mezani. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Tunakushukuru mama kwa hisia zako." Ukumbi ukapiga makofi. Makofi, Kasuku! Binti mmoja akanipa soda, akanishika mkono kunishusha ngazi kama kipofu, na mpiga picha akaniomba niinamishe kichwa kidogo.

Nimekuwa nikichukizwa na watu tangu mwezi wa pili. Wapanda mabenchi, wauza fulana, waheshimiwa. Nilidhani kinyaa kina mwisho wake. Kumbe hao wote walikuwa wageni kwangu tu, na wewe nilikubeba mgongoni. Mtu anaweza kuuza kitu kwa tamaa akajuta, hilo ningelimeza. Lakini ulikaa chini, ukachukua kalamu, ukaandika kwamba dada yako ni kichaa, na wiki hiyohiyo ukaniandikia unanipenda. Nilipofika nyumbani niliosha mikono kama niliyetoka kusafisha choo cha stendi.

Muswada, umesikia, utapita bila kifungu cha silaha za marehemu. Hongera kwa chama.

Jana nilikwenda kituo kikuu cha polisi nikapanda mpaka ghorofa ya upelelezi. Nilikuta ofisa mwanamke, mtu mzima, meza yake imejaa vikombe. Naye alikuwa ameshasikia kwamba mimi sina akili timamu. Nikamwambia sawa, nitafutie kipande cha ngozi, msharasi na uzi wa katani, halafu uniambie kama sina akili. Alitaka kunifukuza, nikaona. Lakini akamtuma askari kwa fundi viatu wa nje, nadhani kwa uchovu tu. Nikashona. Vidole vimekuwa vigumu, nilijichoma mara mbili, na macho yalinisumbua nisione tundu. Alikwenda kuileta ile bunduki, akaiweka mezani, akaweka kipande changu pembeni yake. Akainama. Akavua miwani akaisafisha, akainama tena.

Akaniuliza, "Mama, unajua ulichofanya hapa?"

Nikamwambia najua, ndiyo maana nalia.

Nimempa barua zako. Ile ya mwenye ng'ombe aliisoma mara nyingi. Amesema ukimtaja mtu yule mapema na kwa hiari, mahakama itaangalia. Hilo ndilo pekee nililoweza kukutafutia. Na nilimwomba jambo jingine, akakubali: waje asubuhi, watoto wakiwa shuleni, wifi akiwa kazini, wasivae sare, wasipige honi.

Aliyekukabidhi barua hii ndiye yeye. Mpe kiti. Usimwongelee sana.

Mimi niko nje kwenye gari lao, kiti cha nyuma, nimekubakizia nafasi. Ukimaliza kusoma, toka.

Dada yako